Pole Niliyopewa Sokoni

Mimi si mtu wa kuandika. Nilisoma kwa masista mpaka darasa la sita, halafu mama yangu akanihitaji shambani, kule Kailo. Kuandika mambo yangu ya kila siku ni desturi tu niliyobaki nayo, na mara nyingi nikirudia kusoma naona sikusema vizuri. Lakini nilipokuwa nimelazwa nilitafuta mtu mmoja aliyepata ugonjwa kama wangu, anieleze unakwenda vipi na unaisha vipi. Sikumpata. Labda wewe unayesoma umeegemea mito sasa hivi kwa sababu ukilala chali pumzi inakata. Basi haya ni yako. Chukua yatakayokufaa, mengine uache.

Ugonjwa wangu ni wa moyo, lakini si ule wa watu wa tansio, wenye presha. Ulinipata asubuhi, sokoni hapa Kindu, kwa maneno ya mtu mwenye heshima.

Lazima nianze na vita, ingawa sipendi. Mume wangu, Ilunga, alikuwa fundi wa reli. Watu wake walitoka Katanga, wakapanda na njia ya reli mpaka huku, wakabaki. Vita vilipofika, magari ya moshi yalisimama, majani yakaota katikati ya vyuma, na mjini hakukuwa na cha kula. Chumvi tulikuwa tunailamba kwa ncha ya kidole. Ilunga na wenzake wakaamua kufuata reli kwa miguu, upande wa Kibombo, watafute mpunga na karanga. Mimi nilikuwa na mimba ya Georgette, imeanza tu kuonekana. Aliniambia, “Nitarudi kabla hujashindwa kufunga kitenge.” Alipenda kusema vitu vya kuchekesha wakati ambao si wa kucheka.

Wenzake walirudi. Walisema kulikuwa na risasi njiani, kila mtu akakimbilia upande wake, na tangu hapo hawakumuona.

Kwetu, mtu ambaye hakuna aliyeona maiti yake haliliwi. Ukimlilia ni kama unamfukia akiwa bado anatembea. Kwa hiyo sikukaa kwenye mkeka. Sikunyoa nywele. Mdogo wake, Banza, ndiye aliyetubeba miaka hiyo yote. Alinitafutia mahali sokoni nikauza makayabu, wale samaki wa chumvi; alimpeleka Georgette shuleni; akamsimamia siku ya ndoa yake kama baba. Kila nilipomuuliza habari za kaka yake alisema neno moja tu: “Tungoje, shemeji.” Nikangoja. Wanaume wawili watatu walikuja kunitaka, nikasema nina mume. Wengine walisema Ilunga ana mke mwingine kule Kongolo, na watoto. Sikuamini, lakini sitasema kwamba sikuwahi kulifikiri.

Sasa, asubuhi ile. Ulikuwa mwisho wa kiangazi, mvua ya kwanza bado. Nilikuwa napimia mteja samaki. Mwanaume akasimama mbele ya meza yangu, mtu mzima, nguo safi, vumbi la safari miguuni.

“Njo wewe mama wa nyumba ya Ilunga? Yule wa reli?”

“Njo mimi.”

Akavua kofia. Akashika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. “Mimi naitwa Amisi, natoka Tunda, nimeleta karanga. Baba yangu aliniambia nikifika Kindu nisirudi bila kukusalimia. Pole, mama. Pole ya mzee. Tulimuzika vizuri. Baba alimutunza kama ndugu yake wa tumbo.”

Alifikiri najua. Hilo naomba ulielewe, maana watu wengi wamemsema vibaya. Kwetu habari ya kifo haitolewi barabarani. Unaenda kwanza kwa wazee wa nyumba, wao ndio wanakuketisha na kukuambia. Amisi anajua hayo kama mimi. Lakini yeye hakuja kuleta habari. Alikuja kutoa pole, vile kila mtu mwenye adabu anavyotoa pole akikutana na mjane, hata kama msiba ni wa zamani. Baba yake alikuwa ametuma mtu na habari wakati uleule wa vita. Angejuaje kwamba mimi sikupata?

Wananiambia nilijibu “aksanti”, nikamfungia mteja samaki wake. Mimi sikumbuki. Nakumbuka kitu kizito kilichokaa juu ya kifua, kama mtu ameketi hapo na hataki kuondoka. Maumivu yakapanda shingoni, yakashuka mkono wa kushoto. Jasho la baridi. Nikakaa chini, katikati ya mabeseni.

Mama Safi, jirani yangu wa meza, akapiga kelele. “Amemushika mukono! Nimemuona na macho yangu! Ametia kitu mukononi!”

“Sumu!” wengine wakasema. “Mushike huyo!”

Wakamshika Amisi, wakamchania shati. Yeye anasema, “Mimi nimetoa pole tu! Pole tu, bamama!” Na Mama Safi anajibu, “Pole gani ya kuangusha muntu?” Nilitaka kusema wamuache, lakini hewa haikutosha kwa kupumua na kusema.

Ndipo akafika Banza, mtu alikuwa amekimbia kumuita. Akaniangalia, akamuangalia Amisi.

“Unatoka wapi?”

“Tunda.”

Banza akasimama hivi, mikono imeanguka. Halafu akawaambia watu, “Mumuache. Hana sumu. Anasema kweli.”

Hakumuuliza amesema nini. Mimi nikiwa pale chini, na kifua kinapasuka, nililishika hilo. Hakumuuliza.

Walinipeleka lopitali kwa pikipiki, mimi katikati, dereva mbele, Georgette nyuma ananishika kiunoni. Alikuwa ananiambia “Mama, pumua, mama, pumua,” kama vile mimi nimesahau kazi hiyo kwa uzembe.

Siku za kwanza sizijui vizuri. Sindano, oksijeni wakati kulikuwa na umeme, vidonge vya kukojoa. Miguu ilivimba mpaka alama ya kidole inabaki kama kwenye unga uliokandwa. Usiku sikuweza kulala chini, nilikaa kama mtu anayesubiri gari. Nilipopata nafuu kidogo wakaanza kunipeleka kwenye benchi la kungojea ekografi, ile picha ya moyo. Kungojea kule kulikuwa ugonjwa wa pili. Daktari yupo, umeme hakuna. Umeme umekuja, mwenye ufunguo wa chumba amekwenda kula. Sisi wagonjwa tulizoeana.

“Mama, wewe ni nini?” aliniuliza mwanamke mmoja mwenye mguu wa kufungwa bandeji.

“Moyo.”

“Aa! Katika umri huu? Ni bwana gani huyo amekuvunja?”

Benchi zima likacheka, na mimi nikacheka, halafu nikalia, na yule mama akashtuka, akanifunika na kitenge chake bila kuniuliza tena. Namkumbuka kuliko baadhi ya madaktari.

Daktari aliyenipima alikuwa kijana mpole. Alinionyesha kwenye mashine kitu kinachocheza kijivu. Alisema sehemu ya chini ya moyo imelegea, haikazi, imevimba kama kibuyu. “Mama, nilifikiri kwanza ni mshipa umeziba. Hapa hatuna chombo cha kuangalia ndani ya mishipa, kwa hiyo sitakudanganya kwamba nina hakika. Lakini kwa vile ulivyo, na kwa habari uliyopata saa ileile, nafikiri nyama ya moyo imepigwa na mshtuko. Huwa inarudi. Ikirudi, tutajua ni ugonjwa huo.”

“Isiporudi?”

“Tutajua ni mwingine.”

Nilipenda kwamba alisema hivyo. Alinipa vidonge vya asubuhi na vya jioni, akanikataza kubeba mizigo, akanikataza chumvi. Mimi, muuza makayabu. Georgette alimuuliza kama hata harufu imekatazwa.

Na mlangoni, wakati wa kutoka, aliwaambia watu wangu, “Musimupe mishtuko.” Maneno hayo mawili yalinitesa kuliko vidonge.

Nilirudi nyumbani mvua zimeshika. Mwili haukuwa wangu. Kutoka kitandani mpaka chooni nilipumzika njiani kwenye kiti walichoniwekea. Nywele zilitoka na kitana. Vitenge vyangu vyote vilinizunguka mara nyingine zaidi. Sombe, yale majani ya muhogo, bila chumvi, samaki wa mtoni bila chumvi, na bukari, ugali wetu, haina chumvi tangu kuumbwa. Nilikula kwa sababu Georgette alikaa mbele yangu mpaka sahani imalizike.

Na nyumba ikanyamaza. Walitoa redio. Walichukua simu yangu. Majirani waliokuja kunisalimia walifundishwa mlangoni kwanza, wakaingia na meno nje kama watu wa kupigwa picha. Mbuzi wetu alikufa. Nilipouliza mbona simsikii, Georgette alisema amekwenda Kailo.

“Mbuzi amekwenda Kailo?”

“Kwa shangazi, mama.”

“Kufanya nini?”

Akafikiri. “Kutembea.”

Tulicheka wote wawili, lakini baada ya kucheka nilimuuliza, “Na baba yako? Na yeye amekwenda kutembea?” Akatoka nje.

Hilo ndilo lililokuwa likinila. Ilunga amekufa. Nimejua. Mtu aliyemzika amenishika mkono. Na bado hakuna mkeka uliotandikwa, hakuna mtu aliyelia, hakuna aliyekuja kuketi nami. Kila nikisema “matanga”, wanasema “moyo”. Banza alikuja kila jioni kabla jua halijazama, akaleta ndizi au kuni, akauliza nimemeza dawa, akaondoka bila kukaa. Jioni moja nilimuambia, “Shemeji, nataka kumlilia kaka yako.”

“Ukipona, shemeji. Tungoje.”

Nilisikia lile neno na kifua kikabana tena. Si kama mara ya kwanza, lakini kilibana. Nikaogopa. Nikajiuliza kama wao wana haki, kama kweli kilio kitaniua, na Georgette atabaki bila baba na mama. Yeye pia ana mtoto wa kunyonyesha. Naandika hili ili usifikiri nilikuwa shujaa. Majuma mengi nilinyamaza kwa woga.

Wakati wa kuvuna mpunga nilirudi kwa daktari. Benchi lilelile, umeme uleule. Alipomaliza kunipima alisema moyo umeanza kukaza, bado kidogo. Georgette alikuwa amekwenda kutafuta dawa. Nikapata nafasi.

“Dokta, mimi naweza kulia?”

“Unalia kwa nini, mama? Unaumwa?”

“Hapana. Nauliza ruhusa. Mume wangu amekufa na hawataki nimlilie. Wanasema wewe umekataza.”

Akaweka kalamu chini. “Mimi?”

“Ulisema nisipewe mishtuko.”

Kijana yule alijifuta uso kwa kiganja. “Mama, nilisema usishtuliwe. Sikusema usilie. Kushtuka ni kitu kukuangukia bila kujua. Kulia msiba unaoujua…” Hakumaliza. Georgette aliporudi, daktari alimkalisha na kumrudia maneno yote polepole: nikae mahali pa kivuli, nisifunge chakula, nisikose dawa hata siku moja, kifua kikiuma wanilete upesi. “Lakini mumuache alie,” alisema. “Mukikaa mukimuficha, moyo wake unakesha unatafuta munachoficha.”

Basi mkeka ukatandikwa uani kwa Banza. Amisi aliitwa kutoka Tunda, akaja, na Mama Safi ndiye aliyekwenda kumpokea stesheni na kumuomba radhi kwa ajili ya shati. Amisi alituambia vile Ilunga alifika kwao amechoka, mguu una kidonda. Vile alitengeneza baiskeli ya baba yake. Vile homa ilimshika wakati wa kupalilia mpunga, ikamaliza kazi upesi. Akasema aliwafundisha watoto kupiga mluzi kama gari la moshi linalopanda mlima. Akaupiga pale pale, mtu mzima mwenye mvi. Nilimjua mume wangu katika mluzi ule. Nikalia.

Georgette alikaa nyuma yangu, mkono wake juu ya mgongo wangu, anasikiliza pumzi kama mkunga.

Halafu Banza akasimama. Hakuna aliyemuita.

“Mimi nilijua,” alisema. “Habari ilifika kwangu. Mutu wa Tunda alinikuta stesheni, mwaka uleule. Shemeji alikuwa na tumbo kubwa. Wazee walisema mwanamke mwenye mimba haambiwi kifo, mutoto atatoka. Nikasema, akizaa nitamuambia. Akazaa, maziwa yalikuwa madogo, njaa iko, vita iko. Nikasema, akiachisha. Akaachisha, nikafungua kinywa, hakikufunguka. Kila mwaka kilikuwa kizito zaidi. Nifanye nini? Njo hivyo.”

Shangazi mmoja alianza kumtukana, akamwita mchawi wa kaka yake. Georgette akauliza, sauti ndogo kabisa, “Kwa hiyo ni mimi? Ni kwa sababu yangu mama hakuambiwa?”

“Hapana,” nikasema.

“Njo mimi, mama. Nilikuwa tumboni.”

“Wewe ulikuwa tumboni. Kosa lilikuwa nje.”

Akaweka uso wake mgongoni mwangu, akamlilia baba ambaye hakumuona hata siku moja. Alilia kuliko mimi. Nilihisi moyo unapiga mbio, nikaweka mkono hapo, nikangoja ule uzito uje uketi. Haukuja. Yalikuja machozi tu, na kamasi, na njaa.

Watu wananiuliza kama nilimsamehe Banza. Sijui kujibu vizuri. Aliniibia miaka yangu ya ujane, na labda ndoa nyingine, na alimwacha kaka yake bila mtu wa kumlilia. Hayo ni kweli. Na ni kweli pia kwamba wazee walimfunga kinywa akiwa kijana, na kwamba kila sahani ya chakula katika nyumba yangu ilipitia mikononi mwake. Nimejaribu kupima pande zote mbili, na mizani haitulii. Siku ile nilimuambia tu, “Kaa. Huwezi kusimama mpaka kesho.” Akakaa pembeni ya mkeka, mbali kidogo. Waliponinyoa nywele, yeye ndiye aliyeshika beseni la maji.

Kiangazi kilichofuata mashine ilisema moyo unakaza wote. Daktari alifurahi, akaita mwenzake aje kuangalia. Sasa tunajua ni ugonjwa gani, alisema. Bado nameza vidonge vya asubuhi na vya jioni. Nikipanda kutoka mtoni nasimama mara nyingi, najifanya naangalia mitumbwi. Nimerudi sokoni, Mama Safi ananibebea mabeseni na kunitukana kwamba namfanya punda. Chumvi naiuza, siili. Kuna siku kifua kinabana bila sababu, nakaa chini, napumua polepole, naita mtu. Usione haya kuita mtu.

Nilikubaliana na Georgette jambo moja: hakuna tena mbuzi wa kutembea.

Halafu mvua ziliporudi, Banza akaugua tumbo. Tulikwenda kumuona mara nyingi, akawa anapungua. Siku moja mchana, Georgette alikuja sokoni na uso umefungwa. Alimuomba Mama Safi aangalie meza yangu. Hakusema kitu njiani, na mimi sikuuliza. Nilitembea nikijua kuna neno, nikaupa mwili wangu nafasi ya kujua. Nyumbani alinikalisha kwenye mkeka. Alinipa maji. Alikaa mbele yangu, magoti yake yakagusa yangu, akashika mikono yangu yote miwili.

“Mama, nina neno zito. Ni la baba mudogo.”

“Sema.”

“Amekufa. Asubuhi hii. Nimetoka pale, nimemuona mimi mwenyewe.”

Alikuwa anaangalia kifua changu, si uso. Mimi pia nilikuwa naangalia huko, ndani. Moyo ulipiga nguvu. Ukapiga tena. Ukaendelea.

Nikamuambia anifunge kitenge cheusi. Tulikwenda polepole, tukapumzika kwenye milango ya watu, na kila mlango walijua, wakatupa kiti. Tulipofika, wanawake walikuwa wameshaanza. Mmoja akasema, “Muleteeni kiti, huyu ni mugonjwa wa moyo.” Nikakataa kiti. Mke wa Banza akasogea, akanipa nafasi kwenye mkeka wake, nikakaa nikamshika.

Nilimlilia Banza mpaka kivuli cha nyumba kikahamia upande mwingine wa ua. Nilipochoka, Georgette alinipa maji na kidonge cha jioni. Nikameza, nikajifuta, nikalia tena.